Kichupa cha Nafula na Panya wa Kanisa

Siku hizi nikiingia kanisani nikaweka mkono kwa mfuko wa shati kutafuta miwani, kwaya nzima inapunguza sauti ione nitatoa nini. Siwalaumu. Aibu niliyojiletea Jumapili ya mavuno, mbele ya waumini, wageni, watoto na mbuzi wawili waliofungwa mlangoni kama sadaka, hata mimi ningekuwa mmoja wao ningekuwa bado nacheka. Sasa wacha niwaeleze mwenyewe, kwa sababu mtaani hadithi hii inatembea ikiongezwa chumvi (wengine wanasema mchungaji alizimia, hakuzimia, alikaa tu chini), na afadhali uisikie kwa mwenye aibu yake.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne nikaachia hapo. Baba yangu alitoka upande wa Bungoma akaja Nakuru kwa kazi ya reli, na mimi nikiwa kijana nikaingia kiwanda cha pareto, nikabeba magunia ya maua makavu miaka mingi mpaka kupiga chafya ikawa kama kupumua. Pareto ni ua la kuua wadudu, mnajua. Ndiyo maana mtaani wananiita Mzee Pareto, na kwa vile jina ni tamu nikaanza kujiona daktari wa kila sumu. Mtu akiwa na mende, kupe, kunguni, anakuja kwangu, na mimi natikisa kichwa hivi kama mtu anayekumbuka vitabu. Kusema ukweli kule kiwandani nilikuwa nabeba gunia tu, hata kijiko kimoja sijawahi kukoroga, lakini ukipewa sifa ya bure utairudisha wapi?

Sasa, kanisa letu lina stoo. Hapo ndipo tunaweka mahindi, maharagwe na viazi vya mavuno, na ndani ya stoo hiyo hiyo kuna kiti na kioo, kwa sababu ndipo wahubiri wanabadilishia kanzu tangu chumba chao kianze kuvuja (hilo la kiti lishike, litarudi). Mwenye funguo za stoo ni mimi. Na mwaka huo panya waliingia. Si hawa panya wadogo wa kabati, hapana, panya buku, wenye mashavu, wale ukiwasha taa wanakuangalia kwanza ndiyo waondoke. Nilijaribu zile dawa zinazouzwa stendi na mtu wa kipaza sauti, panya wakazila, wakaendelea.

Mama Rhoda, mwenyekiti wa akina mama, ambaye Mungu alimpa ulimi na akasahau kumpa breki, akanisimamisha mbele ya watu.

"Mzee Pareto, hawa panya wako wamefika gunia la tatu. Ama nao wamebatizwa?"

"Hao wanangojea sumu ya maana, mama."

"Na sumu ya maana iko wapi?"

"Inakuja."

Hakuna sumu iliyokuwa inakuja. Nilisema tu ili nipate njia ya kupita. Lakini ukishasema inakuja, kila siku unaulizwa imefika wapi, na mimi kila jioni nilikuwa nalalamika nyumbani kuhusu panya mpaka watu wangu wakachoka kunisikia.

Nyumbani tuko watatu, mimi, mama watoto, na kitinda mimba wetu Nafula, ambaye ana jina la mama yangu ndiyo maana mimi namwita mama. Nafula anasoma digrii ya pili, anachunguza uvimbe unaoota kwenye macho ya ng'ombe. Anaenda mashambani huko Molo na Subukia, anachukua kipande, anakata chembamba kuliko ngozi ya kitunguu, anaangalia kwa mashine ya kukuza vitu vidogo. Basi Ijumaa moja transfoma ya pale chuoni ikalipuka, friji zao zote zikalala, na Nafula akaja nyumbani mbio na sanduku jeupe la kuhifadhi baridi, ndani yake kuna mfuko, ndani ya mfuko kuna kichupa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho, na ndani ya kichupa kuna maji ambayo ukiyamwaga kwa kijiko hayafiki nusu.

Akanieleza. Hapa ndipo kosa la kwanza lilipozaliwa, kwa sababu alinieleza vizuri kabisa, polepole, na mimi nilikuwa nimewasha redio wanasoma matokeo ya mpira. Alichosema (sasa nakijua kama Baba Yetu) ni kwamba mwili umejengwa na seli, zimeshikana kama matofali, na katikati yake kuna protini inayozishikanisha, kama simiti. Uvimbe ukianza kuwa mbaya, ile simiti inapotea, seli zinaachana, zinatoroka kwenda kuharibu pengine. Hicho kichupa kilikuwa na kingamwili, yaani askari wa mwili, lakini hawa wote ni wa aina moja, mapacha watupu, na wanajua kushika ile simiti tu, hawashiki kingine. Wametengenezwa kutokana na panya. Unawamwagia juu ya kile kipande cha jicho, unaongeza dawa ya rangi, na mahali penye simiti panageuka kahawia. Akasema amekingoja miezi mitano kutoka ng'ambo, kingine hakuna, na mwalimu wake amempa mpaka mwisho wa mwezi kumaliza. Kikiharibika, kazi ya miaka miwili imelala.

Nilichosikia mimi ni hivi: panya, seli, kutoroka, kutoka ng'ambo, usiguse. Na seli mimi naijua moja tu, ile ya polisi.

"Baba, umenisikia lakini? Kikae chini kabisa, kisiingie kwa barafu, na mtu asikiguse."

"Sawa sawa, mama."

"Nimesema nini?"

"Kisiingie kwa barafu."

Akaridhika, maskini, akaenda Molo kwa kazi yake mpaka Jumatatu. Mama watoto naye alikuwa ameenda Webuye kumwona dada yake. Kwa hivyo nyumba ikabaki na mzee mmoja, friji moja, na ujinga wa kutosha wote wawili.

Jumapili asubuhi nafungua friji kutoa maziwa ya chai, nakutana na lile sanduku. Nikaona acha niangalie tu. Nikavaa miwani, nikatoa kichupa, nikasoma. Neno la kwanza, MOUSE. Hiyo ni panya, niliisoma darasa la tatu, ilikuwa na picha. Neno la pili, ANTI. Anti ninaijua pia, dawa ya malaria wanaita anti-malaria, yaani inapinga malaria. Halafu kukawa na kistari na neno refu lililoanza na E (ndilo jina la ile simiti, nilijua baadaye), na chini yake maandishi madogo kama chungu, hayo nikayaachia wenye macho. Panya. Inapinga. Nikakaa chini.

Nikaanza kuunganisha mambo, na siku hiyo akili yangu iliunganisha vizuri sana, hakuna mahali palipoachwa wazi. Mtoto amesikia nikilia kuhusu panya wiki tatu. Anafanya kazi na wataalamu. Akaleta kitu kutoka ng'ambo, akataja panya zaidi ya mara moja, akasema mtu asiguse, na sumu gani inaguswa? Na kama ni kidogo hivyo basi ni kali, kwa sababu sumu dhaifu ndiyo huuzwa kwa gunia. Nikasema, kweli ukizaa umezaa. Machozi yalinilenga, wallahi (sisi si Waislamu, lakini kuna mahali neno lingine halitoshi).

Nikapasha omena, hawa dagaa wa ziwa la Kisumu, zilizobaki jana, nikakata ugali juu yake, nikatia ndani ya sahani ya maua ya mama watoto kwa sababu ndiyo ilikuwa karibu. Nikachukua kijiti cha kiberiti, nikachovya kwa kichupa, nikapangusa kwa omena, mara tatu. Zaidi ya hapo niliogopa tutaua mpaka ng'ombe wa jirani.

Mpaka hapo bado mambo yangeweza kupona. Kichupa kilikuwa mkononi, friji iko hatua mbili. Lakini nikamkumbuka Mama Rhoda na ule ulimi. Nikasema, hapana, huyu lazima aione kwa macho. Nikakifunga, nikakitia kwa mfuko wa shati, upande wa moyo, nikavaa koti juu. Huo uamuzi mdogo, hatua mbili tu nilizokataa kutembea, ndio nauita mkasa. Hayo mengine yote ni watoto wake.

Nikafika kanisani mapema, nikafungua stoo, nikaiweka sahani juu ya kile kiti, kwa sababu panya hupitia pale ukutani, nikaifunika na sahani nyingine ili kuku wa sadaka wasiiguse. Mpango wangu ulikuwa niifunue ibada ikiisha, watu wakiondoka. Nikarudisha mlango. Sikufunga, kwa sababu akina mama walikuwa bado wanaleta viazi.

Siku hiyo tulikuwa na mhubiri mgeni, Mchungaji Njoroge, ametoka Subukia alfajiri bila kuonja hata chai. Nilimwona akifika, nikamsalimia, na mtu mmoja akampeleka kubadilisha kanzu. Wapi? Mimi nilikuwa hapo, na macho haya mawili, nikaona anapelekwa stoo, na sikuwaza kitu. Nilikuwa namtafuta Mama Rhoda.

Ibada ikaanza, tukaimba, jua likawaka juu ya mabati mpaka nikahisi jasho linapita chini ya koti. Ukafika wakati wa matangazo. Nikainua mkono, nikapewa maiki.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Mnajua kuna watu hapa (nikamtazama Mama Rhoda) wamekuwa wakiuliza sumu ya maana iko wapi." Nikatoa kichupa, nikakiinua juu. "Hii hapa. Imetoka ng'ambo. Mtoto wangu amesoma, ameniletea. Kwa hivyo leo mtu asiingie stoo, na watoto mshikwe, kwa sababu nimeitia kwa omena na sahani iko pale pale kwa kiti."

Kanisa likasema aaah, ile ya heshima. Mama Rhoda hata alinyamaza. Nitawaambia ukweli, zile sekunde tano zilikuwa tamu kuliko harusi yangu. Nikakirudisha kichupa kwa mfuko wa shati.

Halafu mgeni wetu akainuka polepole kule mbele, kanzu yote nyeupe.

"Samahani mzee. Ni ile omena imefunikwa?"

"Ndiyo hiyo."

"Kwa sahani ya maua?"

"Ya maua."

Akakaa tena chini, taratibu, kama mtu anayekalia yai. "Mimi nilidhani ni ukarimu wenu," akasema. "Niliimaliza."

Mzee mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Lakini mtu wa Subukia omena aliijulia wapi?" na mchungaji, ambaye masikio yake yalikuwa bado mazima, akajibu, "Nilisomea uchungaji Kisumu." Kama vile hilo ndilo tulikuwa tunataka kujua.

Sasa kukawa vurugu. Mtu anasema maziwa, mwingine anasema mkaa, mwingine anasema atapishwe. Mavuno ni mavuno, maziwa yalikuwa pale mbele kwa madebe, Mama Rhoda akachota kwa jagi akamsimamia mchungaji kama ndama. Lita ya kwanza ikaenda. Ya pili ikaenda. Chebet, ambaye ni nesi, akamshika mkono kusikiliza mshipa, akanigeukia.

"Mzee, hiyo sumu inaitwaje?"

"Mausi anti."

"Mausi anti nini?"

"Neno lingine ni refu."

"Pigia Nafula. Sasa hivi."

Nikapiga. Simu yangu sikio lake limekufa, lazima iwekwe kwa spika. Na kwa haraka ile sikukumbuka kwamba ile maiki bado nimeishika, iko karibu na simu. Kwa hivyo mazungumzo yangu na mtoto wangu yalisikika na kanisa zima, na watu wa gereji ng'ambo ya barabara pia.

"Mama, ile dawa ya panya, mtu akiila inakuwaje?"

"Dawa gani ya panya, Baba?"

"Ile uliniletea. Iko kwa friji."

Akajibu polepole sana, "Baba. Hiyo si dawa ya kuua panya. Imetoka kwa panya."

Mchungaji akashusha jagi. "Sasa nimekula panya?"

Hapo kanisa lilipasuka. Watu walilala juu ya viti. Mwalimu wa kwaya alitoka nje akashika ukuta. Nafula kwa simu anauliza huyo ni nani, Chebet akanipokonya simu akamweleza, wakaongea yale ya kitaalamu: ni kiasi gani, mara ngapi, kwa kijiti cha nini ("cha kiberiti?" nikamsikia mtoto anarudia, "cha kiberiti?"). Nafula akasema ni protini tu, pamoja na dawa kidogo ya kuhifadhi, na kwa matone madogo hivyo haitarajii madhara, lakini apelekwe kliniki waangalie. (Alipelekwa. Walimpata mzima, isipokuwa yale maziwa, ambayo yalimsumbua mpaka Jumanne.)

Mimi nikaanza kutabasamu, nikaona imeisha. Ndipo Nafula akauliza, "Na kichupa kiko wapi?"

"Kiko hapa, mama. Kwa mfuko wa shati."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Nikasikia mtoto wangu analia kwa spika za kanisa. Hakupiga kelele, alikuwa anajaribu kujizuia, ndiyo maana ilisikika vibaya zaidi. Vicheko vilikatika, kimoja kimoja, mpaka ukasikia mbuzi.

"Baba, nilikuambia," akasema. "Nilikuambia nimengoja miezi mitano."

Na hapo, jamani, ndipo maneno yake ya Ijumaa yalinirudia yote, bila mpira katikati. Mama Rhoda ndiye aliyekuja, bila neno moja la kejeli, akachukua kichupa mfukoni mwangu kwa ncha za vidole, akakizungushia leso yake safi, akakisimamisha katikati ya chupa za maziwa lala, yaani mtindi anaouza, ndani ya sanduku lake la barafu, mbali na barafu yenyewe kama Nafula alivyosema kwa simu. Akanipeleka nyumbani kwa gari, nalo magotini. Njia nzima hakunitania, na hiyo iliniuma kuliko angenitania.

Jumatatu transfoma ilikuwa imetengenezwa. Nafula alirudi alfajiri, akachukua kichupa, akakiangalia kwa mwanga. Kilikuwa kimepungua karibu theluthi.

"Kitakuwa kimekufa?" nikamuuliza.

"Sijui. Askari wengine wanavumilia joto kidogo. Nitajaribu kwanza kwa jicho la ng'ombe mzima, ambapo najua simiti ipo. Ikigeuka kahawia, kinafanya kazi. Isipogeuka..."

Nikaenda naye chuoni. Hakuniita, nilienda tu. Nikaketi kwa benchi nje ya maabara kuanzia asubuhi, bila redio. Ile kazi ni ya pole pole, unamwagia, unangoja, unaosha, unamwagia tena. Wanafunzi wanapita wananiambia, "Sasa mzee," nawaambia, "Poa," na moyoni hakuna kilicho poa. Niliomba vile sijaomba tangu nilipooa. Nilimwambia Mungu kama ni panya nitawalisha mimi mwenyewe, kwa mkono.

Saa kumi jioni mlango ukafunguliwa. Nafula amevaa koti jeupe, uso hausomeki.

"Baba, kuja uone."

Akaniinamisha kwa ile mashine, akanirekebishia mpaka ukungu ukaondoka. Nikaona. Sijui niwaelezeje. Niliona ukuta, matofali madogo madogo ya samawati, mengi, yamepangwa kuliko fundi yeyote wa Nakuru anavyoweza, na kati ya kila tofali na lingine kumepita mstari wa kahawia, mwembamba, kama chai ya rangi.

"Hiyo kahawia ndiyo nini?" nikauliza, na ninaapa nilikuwa najua, lakini nilitaka kumsikia akisema.

"Ni simiti, Baba. Kinafanya kazi." Halafu akabadilisha kile kioo kidogo chenye kipande cha jicho. "Na hii ni ya ng'ombe mgonjwa." Hapo matofali yalikuwa yametawanyika, na kahawia imebaki vipande vipande tu, pengine hakuna kabisa. Nikaelewa kutoroka ni nini. Nilikaa nimeinama pale mpaka mgongo ukauma, kwa sababu nilikuwa sitaki anione macho.

"Kitatosha kumaliza?" nikamuuliza nikiwa bado nimeinamia ile mashine.

"Nikipima vizuri, kitatosha. Hata umenifanyia jaribio ambalo sikuwa nimepanga," akasema, na ndipo nilimsikia anacheka kidogo. "Mwalimu wangu amesema niandike kimekaa joto gani. Nikamwambia joto la kifua cha baba yangu."

Alimaliza kabla ya mwisho wa mwezi. Mchungaji Njoroge ameshaalikwa tena, amekubali, amesema atakula kwake kwanza. Panya wa stoo walimalizwa na paka ambaye Mama Rhoda alimleta akiwa ndani ya kikapu, akamtoa mbele yangu na kumpa jina hapo hapo. Anaitwa Anti. Kila Jumapili nafungua mlango wa stoo, ananitazama, anaondoka bila haraka.

Na mimi neno la Kiingereza lililo ndani ya friji silisomi tena, hata kama ni la siagi, nauliza mwenye kitu kwanza. Nafula akiingia akafungua mdomo aniambie jambo, mkono wangu unaenda kwa redio wenyewe. Juzi alianza wakati wanataka kupiga penalti ya mwisho. Nilizima. Kumbe alikuwa anataka kujua tu kama kuna sukari.